MASHINE HUSIKIA, LAKINI HAIMJUI MWENYE SHAMBA

Miezi michache iliyopita mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alinipigia simu kutoka Chunya, mkoani Mbeya. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akanyamaza kidogo, kama wanavyonyamaza vijana wanapotaka fedha. Kisha akasema: "Mjomba, tuko vijana wanne. Tunataka kununua ditekta. Tumepungukiwa."

Kwa ambao hawajaiona, ditekta ni mashine ya kutafutia dhahabu. Ni fimbo ndefu yenye sahani ya duara upande wa chini na kisanduku upande wa juu, na anayeitumia huvaa visikizio masikioni. Huipitisha sahani juu ya ardhi taratibu, kama mtu anayefagia bila kugusa vumbi. Ikilia, anachimba. Siku hizi katika machimbo ya Chunya sauti ya mashine hiyo imekuwa ya kawaida kama mlio wa karasha, na kila kijana ana hadithi ya mwenzake aliyefagia asubuhi na jioni akanunua pikipiki.

Mimi ni mstaafu. Fedha niliyo nayo ni ile iliyobaki katika kiinua mgongo, na kila mstaafu anajua kiinua mgongo kina wapwa wengi. Nikamwambia mpwa wangu kwamba sitoi wala sikatai. Nitakuja nione kwa macho yangu. Nikafunga safari.

Niseme kwanza kwa nini ni Chunya na si mahali pengine. Dhahabu ya Lupa, kama lilivyokuwa likiitwa eneo lile, iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huko kutoka kila upande, Wazungu na Waafrika, wakiwa na sululu na karai. Walichokifuata hakikuwa chini sana. Kwa mamilioni ya miaka miamba yenye mishipa ya mawe meupe imelika kwa jua na mvua. Mawe yakasagika yakachukuliwa na maji, lakini dhahabu, ambayo uzito wake ni kama mara 19 ya maji, haikwenda mbali. Ilibaki katika kokoto, katika vijito vikavu na kwenye miteremko, nyingine unga, nyingine punje, na mara mojamoja donge. Baadaye ikaja migodi mikubwa ya kufuata miamba. Mgodi wa Saza ulifungwa mwaka 1956, na zamani zetu hizi, mwaka 2012, ukaanza mgodi wa New Luika. Lakini zile punje na madonge ya juu juu hayakuwahi kwisha kabisa. Wazee wa huko bado wanakusimulia za mtu aliyejikwaa baada ya mvua.

Ndipo inapoingia mashine. Hapa naomba mnivumilie, maana bila kujua inavyofanya kazi mtu ataibiwa mchana kweupe. Ile sahani ina nyaya zilizozungushwa ndani. Umeme wa betri ukipita humo hutengeneza nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikuta kitu cha metali, kitu hicho nacho hujibu kwa kasumaku kake kadogo, na mashine husikia jibu hilo na kulia. Basi, hayo ndiyo yote. Mashine haijui dhahabu. Inajua metali. Msumari ni metali, kisoda ni metali, ganda la risasi ni metali, karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara nayo ni metali. Zipo mashine zinazojaribu kubagua chuma na dhahabu, lakini katika udongo mwekundu hukosea, na wazoefu wanasema bora uchimbe kila mlio kuliko kuliacha donge kwa kudhani ni msumari.

Jambo la pili ni kwamba mashine haisikii unga. Dhahabu nyingi ya nchi hii imo ndani ya mwamba kama vumbi, na vumbi hilo halijibu. Unaweza kuipitisha ditekta juu ya rundo la mawe yenye dhahabu ya kumtajirisha mtu, isilie hata kidogo. Inachokisikia ni punje na madonge tu. Punje isiyofika gramu moja husikika katika kina cha vidole vichache. Donge la ukubwa wa ngumi husikika kwenye nusu mita na zaidi. Anayekuambia mashine yake inaona mita 20 chini ya ardhi, muulize anauza nini kingine.

Tena udongo wenyewe unapiga kelele. Udongo wa huko una chuma kingi, na kuna mawe yanayolia kama metali hasa. Mashine za zamani zilishindwa kabisa katika ardhi ya namna hiyo. Mwaka 1995 kampuni ya Minelab ya Australia ilitoa mashine iliyoitwa SD2000, kazi ya mhandisi Bruce Candy, ambayo iliweza kuvumilia kelele hizo na kusikia kilicho chini yake. Mashine nyingi mnazoziona leo machimboni ni wajukuu wa ile.

Kwa nini Australia? Kwa sababu nako madonge yapo, na ni makubwa ya kutisha. Mwaka 1869, mahali panapoitwa Moliagul katika jimbo la Victoria, wachimbaji wawili, John Deason na Richard Oates, walikuta donge penye mizizi ya mti, sentimita chache tu chini ya ardhi. Lilizidi kilo 70. Mji wa jirani haukuwa na mzani wa kulipima, ikabidi wahunzi walivunje juu ya fuawe kwanza. Mashine haikuwapo. Halafu mwaka 1980, Kingower, katika jimbo lilelile, Kevin Hillier akiwa na ditekta alipata donge la kilo 27.2, kina cha kama futi moja. Likauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja kwa jumba moja la kamari la Las Vegas, Marekani. Hadithi hii ya pili imewauzia watu mashine nyingi kuliko tangazo lolote. Wanaosimulia hawasemi ni watu wangapi wamefagia Victoria tangu mwaka ule wakarudi na visoda.

Nilipofika Chunya niliwakuta vijana wetu wamekwisha kumpata muuzaji. Kijana nadhifu, ana simu mbili. Mashine yake haikuwa na sahani. Ilikuwa na mkono wa plastiki na antena mbili zinazoyumba, na yeye alisema inaonyesha dhahabu kutoka umbali wa kilomita moja. Bei yake ni ng'ombe wanane, kwa hesabu za kwetu. Nikamwambia: "Mwanangu, mimi mzee, macho yangu mabovu. Nitaifukia pete yangu ya ndoa hapa hapa, wewe uitafute." Akacheka kwa adabu. Akasema: "Mzee, hii inatambua dhahabu ya asili tu, iliyokaa ardhini miaka mingi. Ya sonara haiijui."

Ndugu wasikilizaji, dhahabu ni dhahabu. Sonara haibadili ikawa kitu kingine. Nikawasimulia vijana habari ya Mwingereza James McCormick, aliyeuzia serikali ya Irak na nchi nyingine vifaa vya antena vinavyofanana na kile, akidai vinanusa mabomu kutoka mbali. Askari wa Baghdad walisimama navyo barabarani, magari yenye mabomu yakapita mbele yao. Vilipofunguliwa, ndani hamkuwa na kitu cha kufanya kazi. Asili yake ilikuwa kifaa cha kutafutia mipira ya gofu, kilichouzwa Marekani kwa bei isiyofika dola 20. Mwezi Mei 2013 mahakama ya London ilimfunga McCormick miaka 10. Yule kijana wa simu mbili alikuwa bado amesimama nasi nilipoanza kusimulia. Nilipomaliza hakuwapo.

Tukaamua kukodi kwanza kabla ya kununua. Mwenye mashine alikuwa mtu mzima wa hapo hapo, na mashine yake ilikuwa ya kweli, ya sahani, imechakaa lakini hai. Nikaifukia pete, ikalia vizuri. Mzee mmoja mchimbaji aliyekuwa akitutazama akatikisa kichwa. "Pete inakudanganya," akasema. "Pete ni duara, inaita kwa sauti kuliko donge la uzito uleule. Fukia chubwi ya risasi, ile ya kuvulia samaki, uiponde kidogo iwe kama jiwe. Hiyo ndiyo inalia kama dhahabu." Tukafanya hivyo katika udongo mwekundu wa pale pale, kwa kina cha shubiri. Mashine ikalia, kwa unyonge, lakini ililia. Nikaona kwamba mzee yule ametufundisha bure kitu ambacho muuzaji yeyote angetuficha kwa furaha.

Sharti la mwenye mashine lilikuwa nusu ya kitakachopatikana. Eneo lenyewe lilikuwa na mtu mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, ile ambayo kwa sheria hupewa Mtanzania tu, naye alitaka theluthi ya kitakachobaki. Vijana wakaitikia kila kitu. Walikuwa kama bwana harusi, wanakubali mahari yoyote. Hakuna kilichoandikwa.

Siku ya kwanza nilihesabu mwenyewe: visoda 17, misumari mitano, kipande cha jembe, ganda la risasi, na kopo la bati lililolika ambalo nadhani liliachwa na mmoja wa wale wa miaka ya 1930. Siku ya pili visoda 22. Kazi ile si mchezo. Jua la saa saba, visikizio vinabana, mgongo unauma, na kila mlio ni shimo. Vijana walichimba kwa matumaini asubuhi, kwa hasira mchana, na jioni kwa mazoea tu. Nikaanza kuhesabu kichwani kiinua mgongo changu nikakiona kimebaki salama, nikafurahi kwa siri.

Siku ya tatu, saa tano, mashine ililia pembeni mwa shamba la mahindi. Si pembeni kabisa. Tuseme ukweli, ilikuwa ndani, mistari miwili. Wakachimba. Kwa kina kama cha kiwiko likatoka donge, jekundu kwa udongo, ukubwa wake kama punje ya mahindi yaleyale. Mpwa wangu alilitia mdomoni kulisafisha, akalitoa, likang'aa. Sijui niseme nini juu ya dakika ile. Mimi mwenyewe, mzee mzima, nilihisi miguu ikinitetemeka. Mzani ukasema gramu 6.

Nikageuka nikamwona bibi mmoja amesimama na jembe begani. Vijana wakamwamkia shikamoo kwa sauti ya watu walioiba. Akaitikia. Halafu akalitazama shimo, wala hakulitazama donge, akauliza: "Hilo shimo mtalifukia ninyi, au mjukuu wangu atalifukia kwa mguu wake?"

Hakuna aliyejibu. Nyuma yetu, tangu asubuhi, kulikuwa na mashimo 14.

Sasa fanyeni hesabu nami. Gramu 6. Mwenye mashine nusu, yaani gramu 3. Mwenye leseni theluthi ya kilichobaki, gramu 1. Zinabaki 2, vijana wanne, kila mmoja nusu gramu. Hapo mrabaha haujatolewa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Na bibi mwenye mahindi? Katika hesabu yetu hakuwapo. Hakuna aliyemkumbuka, nami nikiwa mmoja wao, ingawa nilikuja kwa ajili ya kuwakumbusha wengine.

Mwenye leseni alidai kwamba bibi hana haki, madini si yake. Kwa upande mmoja alisema kweli. Kwa sheria yetu ya madini ya mwaka 2010 madini yaliyo ardhini ni mali ya umma, si ya mwenye shamba. Lakini sheria hiyohiyo inasema mwenye leseni hawezi kuingia kuchimba katika shamba lililolimwa bila ridhaa ya maandishi ya anayelikalia. Leseni inatoa haki juu ya madini; haifuti mahindi ya mtu. Bibi hakuwa amesoma sheria hiyo. Alikuwa amesimama tu, na jembe lake.

Basi kesi ikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ikachukua siku mbili. Mwenye mashine anadai nusu yake, mwenye leseni anataja makaratasi, vijana wanatupiana maneno wao kwa wao kwa sababu mmoja alisema yeye ndiye aliyeshika fimbo. Usiku wa kwanza mpwa wangu akaniambia: "Mjomba, afadhali tungepata kisoda. Tukipata kisoda tunakula pamoja." Mwenyekiti, mtu wa maneno machache, alimuuliza mwenye mashine swali moja: nani alimpa ruhusa mashine yake iingie shambani? Yule bwana akanuna, lakini akaachia gramu moja, ikawa ya bibi. Vijana wakabaki na nusu gramu zao, na siku mbili za kazi zimepotea.

Dhahabu ilipelekwa soko la madini. Hili napenda kulisema kwa wale wanaodhani njia ya kificho ndiyo yenye faida. Masoko hayo yalianza mwaka 2019, la kwanza Geita, na Chunya ikapata lake mwaka huohuo. Mwaka ule pia wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5. Nilisimama pale nikaona donge likipimwa mbele ya macho ya kila mmoja, na karatasi ikatolewa. Mnunuzi wa gizani ana mzani wake mwenyewe mfukoni, na mzani huo haujapata kumwonea huruma kijana.

Wapo watakaoniuliza kama ninaipinga mashine. Hapana. Kijana anayetafuta madonge kwa ditekta hashiki zebaki, havuti moshi wake, wala haingii duara la mita 30 lililoshikiliwa na matimba yaliyooza. Kwa hayo mimi naiheshimu. Ila ni vizuri ajue kwamba donge likitoka halioti tena. Bonde likifagiwa na mashine mia moja, wa 101 atapata visoda. Anayeuza ng'ombe leo ili anunue mashine ya kufagia mahali palipokwisha kufagiwa, ng'ombe huyo namsikitikia.

Na lile la mashimo lilinikaa rohoni zaidi ya lile la donge. Huko Victoria, Australia, raia hununua kibali cha bei ndogo kinachodumu miaka 10, anaruhusiwa kutafuta kwa ditekta na zana za mkono, lakini anatakiwa arudishe ardhi kama alivyoikuta, na kwenye ardhi ya mtu binafsi aombe ruhusa kwanza. Kufukia shimo la kiwiko ni kazi ya dakika mbili. Sisi tuliyaacha 14 kwa nusu siku. Mvua ikija yale ni visima, na usiku ni mitego ya ndama na watoto. Kabla sijaondoka niliwaambia vijana tukayafukie. Walilalamika, tukaenda. Bibi akatuletea maji ya kunywa katika kata, akakaa kivulini akituhesabia: kumi na mbili, kumi na tatu.

Juma lililopita mpwa wangu alipiga simu tena. Wamepata mashine iliyotumika, ya sahani, wameijaribu kwa chubwi katika udongo wa pale pale kabla ya kutoa hata shilingi. Wameandika karatasi mbele ya mwenyekiti: mashine ni ya wote wanne, mwenye leseni robo, mwenye shamba sehemu ya kumi popote watakapoingia na ridhaa yake kwanza, na kila shimo lifukiwe kabla ya kwenda mlio mwingine. Dole gumba la kwanza katika karatasi hiyo ni la yule bibi. Nikawatumia ile fedha. Mpaka jana walikuwa wamepata punje moja ya gramu isiyotimia, na visoda sikuuliza.

Jambo moja limebaki. Mama watoto hajui kwamba pete ya ndoa ilifukiwa katika udongo wa Chunya, wala kwamba siku ile, baada ya jaribio, tuliitafuta kwa dakika 20 kwa sababu mpwa wangu alisahau alipoifukia na betri ilikuwa imekwisha. Kama anasikiliza redio usiku huu, basi sasa amejua.